Kamati ya Kaveke Mwisho Ijumaa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kaveke ameletewa kiti cha kuzunguka. Cha ngozi! Mimi nimekalia mbao huku masjala miaka kumi na tisa, nikipanga mafaili ya shirika zima. Huyo Kaveke nilimfundisha mwenyewe kushika faili. Leo eti ni mkuu wa Kamati ya Mageuzi, ya kuboresha huduma zetu kule Kibera. Naona wivu mpaka chai hainishuki. Raha ni moja tu: muda wa kamati unaisha Ijumaa. Mkurugenzi amesema ikikosa kazi inavunjwa, na Kaveke anarudi masjala, chini yangu.

Jumanne, 4 Februari

Wanja, mke wangu, anasema nitulie tu, Ijumaa si iko karibu. Nitulie? Na wakimwongezea muda je? Lazima nimharibie jina. Nimejifungia nyumbani hapa Kawangware, nimeandika barua ishirini za malalamiko, kila moja na mwandiko wake. Mama mboga wa kijiji cha Raila, pale Kibera. Fundi wa Sarang'ombe, Kibera hiyohiyo. Mchungaji mzima! Wote wanalia kwamba mageuzi ya Kaveke hayajawafikia. Vidole vimekufa ganzi. Lakini tamu!

Alhamisi, 6 Februari

Nimezitumbukiza kwenye sanduku la maoni watu wakiwa lunchi. Kaveke amepita akanipa mandazi. Anajifanya mwema, huyo! Nimeyala kwa hasira.

Ijumaa, 7 Februari

Mkutano. Mkurugenzi akazipunga barua zangu hewani. Akasema wananchi wa Kibera wanalilia mageuzi, kamati itavunjwaje na kazi bado iko? Akaongeza miaka miwili. Na gari! Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, ningefanyaje.

Baadaye Kaveke akaniita, Muigai hebu kuja kidogo. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba mama mboga, fundi na mchungaji wote wameandika namba juu kulia, kwa wino mwekundu, ndani ya duara. Moja mpaka ishirini. Mungu wangu! Mazoea ya masjala! Nilizipanga kama faili bila kujua.

Hakunishtaki. Alinishukuru. Eti bila malalamiko kamati haina kazi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimehamishiwa kwa Kaveke, kujibu malalamiko. Nimeanza na yule mama mboga. Nimemwahidi mageuzi. Wanja amecheka mpaka akakaa chini. Acheke tu. Nimewaza wikendi nzima na kosa nimeliona: barua ishirini zilikuwa chache. Nimenunua rimu nzima ya karatasi.