Wadogo Kwanza, Mama Baadaye

Kwa Fundi Mkuu, Chumba cha Mashine.

Shikamoo mzee. Mimi ni yule mfagiaji mnayemwita Bubu. Tunapishana mlangoni kila asubuhi ila mdomo wangu mzito, ndiyo maana naandika. Kilio changu ni hiki:

1. Hospitali ya kwetu ilituma picha za nyonga ya mama kwa daktari wa huku, zipitie kwenye mashine zako za kompyuta. Mzigo mmoja, picha sitini na mbili. Leo siku ya kumi na moja, zimefika sitini na moja. Daktari kasema pungufu hasomi, na asiposoma mama hapasuliwi. Mama anatembea kwa kushika ukuta.

2. Siku ileile zilipotumwa nilikusikia ukimfundisha kijana wako mpya: "Mzigo mdogo upite kwanza, mkubwa usubiri, ndipo wengi wanamaliza upesi." Nikasema sawa, msomi kanena. Lakini wadogo hawaishi, mzee. Kila mama akikaribia mlango, anatokea mtu na picha mbili za paka.

3. Hizo sitini na moja mnasema zimefika. Zimefika wapi? Ni kama kumvusha mtu mto mkaacha kichwa ng'ambo, halafu mkaandika sehemu kubwa imevuka salama. Picha za mzigo mmoja ni ndugu. Hawajafika mpaka afike wa mwisho.

4. Usidhani nabisha bila kujaribu. Tangu siku hiyo nafagia kwa sheria yako, vyumba vidogo kwanza. Choo, stoo, ofisi ya mhasibu, jikoni. Nikitoka jikoni choo kimeshachafuka, nacho ni kidogo, narudi. Chumba chako cha mashine ndicho kikubwa kuliko vyote, kwa hiyo bado sijakigusa. Nawe hujauliza, nikaona kumbe unajua kusubiri.

5. Naomba aliyesubiri sana apewe njia. Ikishindikana, naomba mama aandikwe paka.

Nisalimie wote hapo ghorofani, na kijana mpya, na mwenye paka pia. Sina kinyongo naye.

Ni mimi mtiifu wako,
Bubu wa ufagio.

Nyongeza: Kijana wako kanikuta naandika, akanipeleka kuangalia. Mashine iliyoshika picha ya sitini na mbili inajizima kila ikipata joto. Feni yake imezibwa na vumbi la siku kumi na moja. Mzee, kama hujaanza kusoma barua hii, usianze. Nimeshachukua mashine ya kunyonya vumbi, naingia. Leo choo kitasubiri.