Kipindi cha Watu Wasiocheka

Jumatatu, 14 Septemba 1970

Naanza shajara hii na naahidi kuandika yote, hata ya kuniaibisha. Mimi ni Judith Amblin, miaka kumi na miwili. Mwezi uliopita tulihamia Durham, kaskazini mwa Uingereza, kutoka Croydon, kusini karibu na London, kwa kazi ya Baba. Marafiki niliopata: hakuna.

Kila Jumatano asubuhi Rosalind Raine na wenzake wawili husimama kando ya banda la baiskeli, wakirudia kichekesho cha televisheni cha Jumanne neno kwa neno. Nimewasikiliza kwa mbali. Askofu anauza ngazi isiyofika popote. Hakimu anakihukumu kiatu. Kisha basi, hakuna mwisho! Sasa watu wanacheka nini? Natamani sana kujua.

Rosalind anatafuta mtu wa nne wa igizo lao la tamasha la shule. Nilijitokeza. Akanitazama kama anayechagua samaki. Akasema, haya, wewe wa kusini, tazama kesho, Jumatano utusimulie. Na nishike kanuni moja: mabingwa wa vichekesho hawacheki. Hata ukiwauliza, hawakiri kwamba ni mzaha.

Tatizo: hatuna televisheni. Baba anasema inawageuza watu mabubu. Lakini jirani yetu Bwana Raine, babu yake Rosalind, anayo. Nina mpango!

Jumanne, 15 Septemba

Nilimpelekea Mama Raine, mke wa Bwana Raine, keki. Niliiangusha njiani, nikaiunga. Mama Raine alinivuta ndani: "Ingia, kipenzi, leo ndiyo leo!" Sebule imejaa watu. Majirani wamevaa nguo za kanisani, kimya kabisa. Bwana Raine amefunga tai.

Kipindi kikaanza. Ajabu! Mwanamume mwenye kofia anainywesha bia mboga ya liki, ile jamii ya kitunguu yenye shingo ndefu nyeupe. Mwingine amelala bandani na mbwa, kuzilinda liki zake zisikatwekatwe na wapinzani. Waamuzi wa makoti meupe wanapima shingo ya liki kwa umakini wa madaktari. Hakuna anayetabasamu!

Kisha nani akatokea? Bwana Raine mwenyewe! Anasimulia jinsi liki zake zilivyochanjwa kwa wembe mwaka jana. Analia. Machozi kabisa! Kumbe jirani yetu ni mchekeshaji! Nilicheka hadi nikatoka kitini.

Nilicheka peke yangu. Wote walinigeukia, hakuna uso uliotikisika. Bwana Raine akaniambia taratibu, "Nenda nyumbani, mwanangu." Sauti kavu kama ukoko. Bingwa!

Jumatano, 16 Septemba

Nilisimulia yote kando ya banda la baiskeli, kuanzia bia hadi machozi. Nikampongeza Rosalind kwa babu mwenye kipaji.

Rosalind akawa mwekundu. Akasema jana kichekesho hakikuonyeshwa huku kwetu kabisa. Watu wa London wamekiona, sisi wa kaskazini tumewekewa mashindano ya kukuza liki kubwa kuliko zote. "Na babu yangu hakuwa anaigiza, bwege wewe! Jana usiku hakula." Nafasi ya nne? Niisahau.

Nimefikiri sana. Hawakiri. Hata ukiwauliza. Nadhani huu ndio mtihani wenyewe!

Alhamisi, 17 Septemba

Nilikwenda kumwomba Bwana Raine radhi, na kumpeleleza kidogo. Nilimkuta anasafisha mizizi ya liki kwa mswaki. Nikamuuliza, ni kweli si mzaha? Akasema amezipanda siku ya pili ya Krismasi, amezihudumia kuliko watoto wake, na mzaha hauko hapo. Hakupepesa jicho. Nikamuuliza kama naweza kutazama mashindano yake ya mwaka huu, Jumamosi. Akanipa mswaki wa pili.

Tulisafisha kwa muda wa saa mbili. Nilijitahidi nisicheke. Ajabu ni kwamba baada ya muda sikutaka hata kucheka. Nilitaka mzizi uwe mweupe.

Jumamosi, 19 Septemba

Ukumbi wa klabu ya wachimba makaa ya mawe. Liki zimelazwa mezani mbili mbili. Mwamuzi alipima za Bwana Raine, akapima tena. Nilisahau kupumua. Wa pili! Amezidiwa kwa upana wa ukucha.

Wanaume wote walitazama viatu vyao. Bwana Raine akasimama na kidevu kikitetemeka, na mimi nikaona ni sehemu nzuri kuliko zote za uigizaji wake. Nikapanda juu ya benchi, nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Peke yangu. Kisha Mama Raine akapiga. Kisha ukumbi mzima.

Bwana Raine alinijia. Akasema amepanda liki miaka thelathini na moja, na hakuna mtu aliyewahi kumshangilia akiwa wa pili. Akanialika kwao kesho kula pudingi ya liki. Rosalind alikuwa anafuta macho. Akaninong'oneza, "Mazoezi Jumatatu. Usichelewe, bwege."

Jumapili, 20 Septemba

Nina rafiki! Labda watatu. Baada ya pudingi nilimkonyeza Bwana Raine, kumjulisha kwamba nimeelewa. Akauliza kama jicho langu linauma. Hakuna anayemfikia!

Jioni nimeandika barua kwa wakubwa wa televisheni, London, nikatia ndani bahasha yenye stempu. Nainakili hapa:

"Waheshimiwa, Bwana Raine ni mnyenyekevu, hawezi kuwauliza mwenyewe. Tafadhali nijibuni kwa posta ya kwanza: sehemu ya pili ya kichekesho chake itaonyeshwa lini, na je, safari hii mtamwachia ashinde?"