Ombi la Kuondolewa Ukungu Usoni mwa Mama wa Kitenge cha Mananasi

Kikundi cha Akina Mama cha Kanisa,
Mraru, kando ya barabara ya Taveta.

Kwa Ndugu Mtayarishaji wa Filamu,

Salamu kwako na kwa vyombo vyako vyote. Sisi hapa kiafya hatujambo. Kilichougua ni majina yetu, na dawa iko kwako.

Utakumbuka mlifika kwetu mwezi wa Agosti na gari la kamera, mkitafuta wanawake waliowahi kununuliwa na watalii kule pwani. Mlitukuta mkutanoni, wanachama ishirini na watatu, sote tukiwa na sare. Mkauliza kama miongoni mwetu yuko mmoja. Tukajibu kwa pamoja kwamba hayuko, tukawapa chai, mkaondoka kwenda Voi. Sasa filamu imetoka na imezunguka kwenye simu zote kuanzia hapa mpaka Kishushe. Dakika ya kumi na tisa anaonekana mama akisimulia yaliyompata, uso umefunikwa kwa ukungu, kitenge cha mananasi kikiwa wazi kabisa. Ndugu yangu, kitenge kile ndicho sare yetu, tulikiagiza Taveta kwa pamoja. Mmeficha uso mmoja mkaanika wanawake ishirini na watatu.

Kwa hiyo tunalalamika kama ifuatavyo:

1. Kwamba sauti ya huyo mama mliibadilisha ikawa nzito kama ya mwanamume. Waume wetu wameunda kamati ya uchunguzi chini ya mume wangu, Mzee Fanuel, mstaafu wa reli na mtu wa utaratibu. Kila mke alisimamishwa nyuma ya mlango, akatakiwa kusema yale maneno ya kwenye filamu, "Nilikuwa na miaka kumi na tisa," kwa sauti ya chini kadiri awezavyo. Mwenzetu Lynn, ambaye huimba besi kwaya ikikosa wanaume, alifaulu kupita kiasi. Hii ni wiki ya tatu yuko kwa mama yake Kishushe. Mimi sikupimwa, kwa heshima ya kiti changu cha uenyekiti na cha mume wangu.

2. Kwamba picha zenu ni safi mno. Kamati ilimwita fundi Kituku, aliyezishona nguo zote. Aliitazama picha ikiwa imesimamishwa, akavaa miwani, akavua, kisha akatangaza kwamba mikono ya nguo ile imeshonwa kwa uzi wa buluu. Siku hiyo alikuwa ameishiwa na uzi wa kijani, na nguo za namna hiyo ni kumi na moja tu. Jumapili iliyofuata wanachama wote ishirini na watatu waliingia kanisani nguo zikiwa zimefumuliwa mikono, hata wale kumi na wawili wa uzi wa kijani. Hakuna aliyeitisha mkutano. Mchungaji amesema mabega wazi hayasogei madhabahuni, kwa hivyo sadaka siku hizi hupelekwa mbele na wanaume, ambao hawajui kutembea kwa kufuata ngoma.

3. Kwamba chini ya picha mliandika "kijiji cha pwani." Kutoka hapa mpaka baharini ni saa kadhaa kwa basi.

4. Kwamba yule "mtalii" mliyempiga picha kwa mgongo akinunua ndizi ni mhandisi mgeni wa kanisa letu, mzee wa miaka sabini na minane, aliyekuja kututengenezea pampu ya maji. Shingo yake tunaijua. Siku hizi akipita wanawake wanaingia ndani na wanaume wanatoka nje. Kwa kuwa ni mtu mpole, ameamua kukaa chumbani asome, na pampu imebaki vipande vipande juu ya gunia.

5. Kwamba wageni wenyewe, waliomtenda huyo mama hayo anayoyasimulia, hawajaundiwa kamati. Hakuna aliyesimamishwa nyuma ya mlango, wala fundi aliyeitwa kukagua shati lake. Jambo hili linaniuma kuliko yale mengine, na wenzangu walitaka niliweke la kwanza.

Kwa hayo yote kikundi kimeazimia, na waume wetu wametia sahihi, kwamba kabla filamu haijaonyeshwa kwenye skrini kubwa mjini Voi mwezi ujao, muondoe ukungu, ili mwenye uso ajulikane na wengine ishirini na wawili walale kwao kwa amani. Kama sheria hairuhusu, basi mfunike na kitenge. Kama kitenge hakifunikiki, mfunike Mraru nzima pamoja na bango lake la barabarani. Na kama hilo nalo ni kazi kubwa, tuleteeni huo ukungu huku tuuvae wenyewe, mita tano kwa kila mama, tushonewe nguo zenye mikono.

Tufikishie salamu kwa dereva wenu aliyekunywa vikombe vitano, kwa binti wa kipaza sauti aliyelia, na kwa wote walio nyumbani kwako. Wanangu na Mchungaji wanawasalimu pia.

Ni mimi, kwa niaba ya wote waliotia sahihi,
Bi. Wakesho Fanuel,
Mwenyekiti.

Tanbihi: Wenzangu wameshaondoka, na Mzee amekwenda kununua bahasha. Msiondoe ukungu. Unajua vizuri kwamba ni mimi, niliyewafuata Voi siku ile ile bila hata kubadilisha nguo. Nilikubali kusema kwa sababu moja tu, nimtaje Pauline wa Mahoo, niliyekaa naye chumba kimoja huko pwani. Alitoka na mgeni Jumamosi moja, hakurudi. Mama yake mpaka leo huwaambia watu kwamba binti ameolewa Ulaya. Nilitaja jina lake mara tatu mbele ya kamera yenu, na mkalikata. Mahali pake kwenye filamu mmeweka tembo anakunywa maji. Rudisheni jina la Pauline. Uso wangu uacheni ulivyo.