Bredauni la Winchi Lagoma Tena

Habari ya asubuhi haikutoka redioni, ilipita mbele ya benchi letu: bredauni la Winchi, gari ambalo kazi yake ni kuvuta yaliyokufa, linavutwa kwa kamba na trekta. Mara ya tatu wiki hii! Tulipaliwa na kahawa.

"Chekeni tu," Winchi alisema akishuka, jasho linamtoka. "Baba mkwe gari limemzimikia kule kiwanda cha matofali. Kanipigia mimi! Yule yule aliyeapa bintiye haolewi na mwokota vyuma. Miaka sita hajaniomba hata maji ya kunywa. Leo nisipofika, nimekwisha."

"Betri hiyo," akasema Kamusi, fundi cherehani asiyewahi kufungua boneti ila ana jibu la kila injini.

"Mpya. Ya Jumatatu."

"Basi stata."

"Imepimwa juzi, nzima."

"Alteneta?"

"Jana!"

"Basi dizeli ina maji."

"We Kamusi, dizeli na umeme wapi na wapi?"

"Mimi nakusaidia, wewe unanifokea!"

Bahati nzuri akatokea Dada Testa, fundi umeme wa magari, mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko bisibisi yake. Akaamuru gari liwashwe. Stata ikalia ka-ka-ka, taa za dashibodi zikafifia. Akajitosa uvunguni. Tukasikia msonyo mrefu.

"Winchi! Rangi hii nani kapaka?"

"Mimi. Imetulia, eh? Koti mbili."

"Waya wa ethi unafungwa kwenye chuma kitupu ili umeme urudi betri. Jumatatu nilikwangua hapa. Juzi nikakwangua tena. Mbona pana rangi?"

"Dada, unaniachia gari lina kidonda. Kwa hiyo nafungua bolti, napaka chini yake, nafunga. Taratibu kabisa."

"Kila nikikwangua?"

"Kila ukikwangua."

Nilishika kichwa. Wiki nzima tumetukana betri, stata na waliotuuzia, kumbe mchawi anatembea na brashi!

Dada Testa akapiga msasa, akakaza bolti, akanyanyua bisibisi. "Gusa hapa tena uone." Winchi akawasha. Injini ikaitika mara moja, ikanguruma mpaka vikombe vikacheza. Tukashangilia.

"Kimbia kwa mkwe!"

Akapanda. Akashika usukani. Akashuka.

"Nimfikie mkwe na chasisi imeparuzwa hivi? Bolti siigusi, jamani. Pembeni tu. Dakika tano."

"Winchi, mzee yuko juani!"

"Dakika tano!"

Zikawa arobaini, kwa sababu koti ya kwanza lazima ikauke, na ya pili isishike vumbi. Tulimsihi, tulimtukana, Kamusi alifika mpaka kumvuta shati. Mwenzetu kapiga magoti anapuliza rangi kwa mdomo ikauke.

Ndipo lori la mchanga likapita polepole kwa kelele zake zote, nyuma linavuta gari dogo jeupe kwa kamba. Dirishani mzee katoa kichwa, uso umekauka kwa vumbi.

"Mwanangu! Nimekungoja mpaka nimechoka! Kumbe na lako limekufa?"

Winchi akalitazama bredauni lake, linanguruma vizuri kuliko siku zote. Akaitazama brashi. Akapenyeza mkono dirishani polepole, akazima injini.

"Limekufa, baba."