Mashine Namba Nne na Gauni la Binti Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Nimeanza! Umeme kichwani, kwa hiari yangu. Daktari wa utafiti ameeleza kuwa ubongo una sehemu nyingi na hupeana habari. Kwetu sisi wenye upungufu wa umakini, habari zinagongana njiani. Kweli tupu. Nimefungwa mkanda wenye sponji mbili za maji ya chumvi, dakika ishirini. Mashine namba nne. Jumamosi binti yangu anaolewa, na gauni nimeapa kulishona mwenyewe. Mpaka sasa lina mikono miwili. Yote ya kushoto. Mke wangu amesema ikifika Alhamisi halijaisha, analipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Yule mwenye saa ukutani! Thubutu!

Jumanne, 4 Juni
Siku ya kupigwa picha ya ubongo. Mashine ile ina sumaku kali, kwa hiyo nesi akauliza kama nina chuma chochote. Nikaapa sina. Akanipitishia kifaa chake: pini tisa kwenye kola, sindano mbili kwenye pindo, na mkasi mdogo niliokuwa nautafuta tangu mwaka jana. Nimefurahi sana! Nesi hakufurahi. Daktari naye kasema baadhi ya mashine hazipitishi umeme, ni za kulinganishia tu, na hata yeye hajui nani ana ipi. Tangu hapo sijatulia.

Jumatano, 5 Juni
Nimegundua! Umeme lazima uwashe ngozi kidogo, na mimi siwashwi kichwa. Wembe, kinyozi jirani yangu (aliingia utafitini baada ya kumwacha mteja na nusu ya ndevu akaenda kutazama trekta lililokwama), anajikuna kama kuku mwenye utitiri. Ana namba saba. Basi saba ndiyo yenye umeme! Nikambembeleza tubadilishane kadi za namba. Akakataa. Nikamwahidi suruali, akakubali. Suruali yake ya mwaka juzi bado ninayo. Hakukumbuka. Nami nilikumbuka baada ya kuahidi.
Namba saba ni moto! Nimerudi dukani nikakata mkono wa kulia, safi kabisa, kisha nikatoka mara moja kununua uzi. Nimerudi jioni na kufuli.

Alhamisi, 6 Juni
Mke wangu amekuja kuchukua gauni. Binti akamsihi asubiri kidogo, akasema la baba yake atalivaa hata likiwa na mkono mmoja. Nilijifanya natafuta pini. Machozi yalinitoka, sifichi. Binti akaketi kando ya cherehani siku nzima, ananitajia hatua moja moja. Bega, Baba. Zipu, Baba. Rudi, Baba. Hilo la kurudi alilisema mara nyingi. Saa kumi na moja jioni nimeshona kifungo cha mwisho. Limemkaa! Mke wangu kalizunguka mara mbili akitafuta kasoro, hakuipata. Namba saba, oyee!

Ijumaa, 7 Juni
Mbio za sakafuni zimefika ukingoni. Wembe alisahau kuwa ni siri, akamsimulia nesi. Daktari ametutoa wote wawili. Hakufoka, heri angefoka. Amesema picha zetu alizitegemea, sasa hazimfai tena. Nimeona haya kweli. Kisha akafungua bahasha yenye siri ya mashine: namba nne ndiyo yenye umeme. Saba haina kitu. Wembe amekiri kuwa kilichomwasha ni rangi mpya ya kuficha mvi.

Jumamosi, 8 Juni
Binti amependeza mpaka nikalia mbele za wakwe. Mke wangu amenong'ona kuwa gauni lisingeisha bila yule aliyeketi kando yangu. Mapenzi ya mama hayo, sayansi hajui. Mimi nimefikiri sana: mashine isiyo na umeme imeshona gauni kwa siku moja! Daktari amelala kwenye hazina.
Wakati wa kuondoka, binti amenikumbatia, akasema atakuwa anakuja kukaa nami dukani akipata nafasi. Nimemwambia asijisumbue, atulie na mumewe. Nimeshapokea magauni matatu ya Jumamosi ijayo, na mashine isiyo na umeme naweza kujitengenezea mwenyewe.