Gari Linaliwa kwa Ndani

Jumatatu, 13 Januari 2025. Mpemba.

Nimenunua daftari hili leo na litakaa chini ya godoro, upande wangu. Asilisome mtu. Hasa Ferista, mke wangu, ambaye ni dada yake Ipyana.

Habari ni hii. Jumamosi ya tarehe 25 binti yangu Rozi anaolewa. Shemeji Ipyana, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Tunduma mjini, amebeba ukumbi, keki, chakula na muziki. Hata sare za kwaya! Mimi, baba mzazi, nimebakiwa na kitu kimoja. Kumpeleka binti yangu kanisani kwa Pijo 504 ya marehemu baba, ya mwaka 1978, aliyoinunua kwa kahawa yake mwenyewe kule Mbozi. Kimoja tu! Na hicho nacho Ipyana anakitaka.

Leo kwenye kikao cha kamati kaigonga Pijo mlangoni kwa kidole kilichokunjwa. Unga mwekundu wa kutu ukamwagika. Akasema, kwa sauti ya huruma kabisa, kwamba shemeji, hili litakuja kumwaga bibi harusi barabarani. Ijumaa ya tarehe 24 atalikagua. Likishindwa, Rozi atapanda Noah yake nyeupe. Kamati ikapiga makofi. Nimeandika majina ya waliopiga.

Mchana nikaenda kwa Osea, fundi bodi. Kaingia chini ya gari na tochi, kagonga, kasikiliza, katoka anatikisa kichwa. Kasema kukata na kuchomelea bati jipya ni gharama. Nikasema gharama sina. Kasema basi tuipunguzie kutu mwendo. Kisha akatamka maneno yaliyonikosesha hamu ya chakula: "Baba Rozi, gari lako linaliwa kwa ndani. Kaanze na vile vitundu vya chini ya milango." Nikataka kuuliza ni nani anayelila, lakini kaingia mteja na bajaji iliyopinda, Osea akanisahau palepale.

Kwa ndani! Yaani mtu wa nyumbani. Miaka ishirini na sita nimetunza stoo ya shule, lugha hiyo naijua. Sukari ya stoo haijawahi kuliwa na mtu wa nje hata siku moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 14 Januari

Nimevumbua! Nimelala chini ya Pijo tangu asubuhi na nimeviona. Vitundu vitatu kila mlango, chini kabisa, pasipofikiwa na jicho la mtu mwema. Vimelingana. Vimekaa kwa mstari. Panya hatoboi kwa mstari. Kutu haina rula. Hii ni drili!

Vingine vimejazwa tope ili visionekane. Watu ni wabaya.

Nani ana drili? Ipyana anauza drili. Na nani aliyeiosha Pijo siku ya Krismasi, bila kuombwa, huku anapiga mluzi? Sitaji jina. Ni Ipyana.

Dawa ni kuziba. Gundi nzuri inapatikana dukani kwa Ipyana, kwa hiyo gundi hapana. Lakini waliokuwa wanaziba mashimo barabara kuu wameacha mabonge ya lami kando ya mtaro. Bure kabisa! Nimeokota matano. Ferista alipokwenda mazoezi ya kwaya nikayeyusha manne kwenye sufuria yake ya ugali. Nimeziba vitundu vyote kumi na viwili na kukandamiza kwa kidole gumba. Kidole kimeungua. Sufuria imegoma kutakata. Nimeifukia nyuma ya choo.

Jumatano, 15 Januari

Ferista anatafuta sufuria. Nimemwambia dunia imejaa wezi siku hizi. Ameniangalia kwa muda mrefu sana. Kwa nini aniangalie hivyo mtu asiye na la kuficha?

Mvua kubwa kutwa. Nimekaa barazani naitazama Pijo ikinyeshewa na roho imetulia. Maji hayana pa kuingilia tena!

Jioni nimenyunyiza unga wa sembe chini, kulizunguka gari lote. Atakayekanyaga atajulikana.

Alhamisi, 16 Januari

Kumenasa! Nyayo za kandambili, namba sita, zimetoka jikoni, zimepita ubavuni mwa Pijo na kurudi. Kandambili za Ferista!

Sikumkabili. Nimemuuliza kwa mbali tu, kwamba mtu akitoka nje alfajiri huwa anakwenda wapi. Akajibu alikwenda kuchuma matembele, na yeye anataka kujua ni mwehu gani kamwaga unga wa watu chini. Jibu la haraka mno. Ni kweli matembele tumekula mchana. Lakini mtu mjanja hashindwi kuchuma matembele akiwa njiani kwenda kufanya jambo lake. Nimekula kwa tahadhari.

Ijumaa, 17 Januari

Leo nimepata elimu kutoka ng'ambo. Nilikwenda kwenye foleni ya malori mpakani kuchunguza kama kuna mtu kauziwa drili karibuni. Dereva mmoja Mzambia alikuwa anamwaga oili chafu. Nikamweleza shida yangu, bila kutaja majina. Akacheka. Akasema, "Mudala," yaani mzee, "hata kwetu Nakonde magari ya zamani tunayanywesha hii." Unamimina ndani ya mlango, oili inapita kwenye bati lote na kulifunika, kutu inapunguza kasi. Halafu inachuruzika yenyewe kwa chini. Ukiiona inachuruzika ujue imefika.

Ametoa dumu zima la lita ishirini bila kudai kitu. Mtu wa nje! Ndugu zangu wenyewe wananitobolea, Mzambia ananipa dumu.

Jumamosi, 18 Januari

Nimebandua vitambaa vya milango na kumimina. Lita mbili kila mlango. Nimekaa chini nasubiri ichuruzike. Saa nzima. Haichuruziki!

Nikaongeza lita mbili mbili. Nikasubiri tena mpaka shingo ikakakamaa. Hata tone! Ala! Bati la baba lilikuwa na kiu kiasi hiki? Nikamalizia dumu. Gari limekunywa lita ishirini na halijarudisha hata kijiko.

Ferista kaniuliza kwa nini nanuka gereji. Nimemjibu kwamba wanaume wana mambo yao.

Jumanne, 21 Januari

Siku tatu mvua haijakatika. Leo nimeufungua mlango wa nyuma ukanishinda uzito. Bati limenenepa. Ile dawa inafanya kazi!

Ferista na Ipyana wameongea kwenye simu dakika kumi na mbili. Nilipoingia wakahamia Kinyiha cha haraka haraka. Mimi mwenyewe Mnyiha! Nimesikia maneno "sufuria" na "tumwache tu". Tumwache tu! Wamwache nani, na kwa nini?

Jumatano, 22 Januari

Rozi amefika kutoka Vwawa anakofundisha. Amekonda. Nimempeleka kwa fundi cherehani kujaribu gauni. Alipofunga mlango akainamisha sikio na kuniuliza, Baba, mbona kuna kitu kinacheza humu, chubwi chubwi? Nimemwambia ni dawa. Akasema sawa, ila sauti yake haikuwa ya sawa.

Njiani akasema jambo ambalo naliandika kama alivyolisema. "Baba, Mjomba amenilipia karibu kila kitu na ninamshukuru. Lakini nikishuka pale kanisani nataka watu waone nimeletwa na wewe. Hata kwa toroli."

Nimesimamisha gari nikajifanya naangalia tairi. Nimelia nyuma ya buti, sioni aibu kuandika. Ijumaa Ipyana asipoipitisha Pijo nitakuwa mgeni mwalikwa kwenye harusi ya mwanangu.

Ijumaa, 24 Januari

IMEPITA! Kamati nzima imeshuhudia!

Ipyana kaja na kidole chake. Kagonga mlango wa kwanza. Hakuna unga, unyevu umeushika wote. Na sauti! Si ile ya debe. Imetoka sauti nzito, dufu, kama gari lililoshuka kiwandani jana. Kagonga wa pili. Dufu. Kagonga yote minne, uso unambadilika. Kaufunga mlango ukajifunga kwa heshima, dumm. Mwenyekiti wa kamati kasema magari ya zamani yalikuwa ya chuma kweli.

Ipyana kanipa mkono. Kaniambia, shemeji, sijui umefanyaje. Nimecheka tu. Anajua nimefanyaje! Kauona mstari wake wa vitundu umezibwa akanyamaza. Amesema Noah yake itafuata nyuma yangu moja kwa moja, endapo. Endapo nini? Hakumalizia. Nimeliwekea alama neno hilo.

Jumapili, 26 Januari

Niandike tangu mwanzo, kwa utulivu, maana maneno ya uongo yameanza kuzagaa.

Tulitoka Mpemba saa nne asubuhi. Mimi usukani, na tai. Rozi nyuma peke yake, gauni limejaa kiti chote. Mlimani Pijo ilivuta vizuri ingawa nzito. Pale kwenye tuta la kwanza nikasikia "plop". Tuta la pili, "plop plop". Nikadhani ni matarumbeta.

Ghafla Ipyana nyuma yangu anapiga honi. Anawasha taa. Katoa mkono dirishani. Wivu, nikajua! Nikaongeza mwendo. Naye kaongeza. Kwenye kioo naona Noah nyeupe imeanza kuwa na madoa, kisha madoa yakaungana. Kawasha waipa. Kosa kubwa. Kioo chote kikawa cheusi, ikabidi aje mpaka kanisani kichwa kikiwa nje.

Tumesimama mlangoni pa kanisa, kwaya inaimba. Ipyana kaja mbio katika suti yake ya rangi ya maziwa. Kabla sijashuka kafika kwa Rozi, akaupiga mlango kiganja akisema, Rabson, umeweka nini humu! Kapiga mara moja tu. Bati la chini la mlango likaachia lote, kutoka kona mpaka kona, na kila kilichokuwa ndani kikamshukia. Suruali. Viatu. Soksi. Maji meusi, oili, na kutu ya miaka arobaini na saba.

Kwaya ikakata katikati ya ubeti.

Dimbwi likazunguka gari pande zote. Mama mmoja akaanza kulia. Ferista kaokota kipande cha lami, kakinusa, akanitazama. Sufuria haikutajwa, lakini nilijua siri yake imefichuka.

Nikageuka kumwangalia Rozi. Gauni safi, miguu kainyanyua juu ya kiti. Nilidhani analia, kumbe anacheka, machozi yanaharibu wanja. Akasema, "Baba, nibebe."

Nina miaka sitini na mmoja na mgongo mbovu. Nilivua viatu, nikaingia kwenye lile dimbwi kwa soksi, nikambeba mwanangu. Ipyana akataka kunisaidia, wanawake wote wakampigia kelele asimguse. Ngazi saba. Sikuzihisi hata moja. Nilimshusha mbele ya bwana harusi, miguu yangu myeusi juu ya zulia, na kanisa zima likapiga vigelegele. Nimeringa, ndiyo. Baba yupi asingeringa?

Suti ya Ipyana haikutakata. Alikula keki amevaa kitenge cha dada yake.

Jumatatu, 27 Januari

Osea kaja kuiona Pijo. Kasikitika sana. Kanieleza taratibu, kama anaeleza mtoto, kwamba maji ya mvua hupita pembeni ya vioo na kushuka ndani ya milango, kila gari duniani. Vitundu vile vitatu kiwanda ndicho kilichoviweka ili maji yatoke. Alichotaka nifanye siku ile ni kuvizibua tope kwa kijiti, basi. Kijiti na oili kidogo, Pijo ingekaa miaka mingine kumi. Ati "linaliwa kwa ndani" maana yake kutu tu, hakuna mtu.

Nimemsikiliza kwa adabu. Kisha nikamuuliza kwa upole, umejuaje kwamba ni vitatu kila mlango? Akajibu huwa ni vitatu. Hata hakuinama kuhesabu! Huwa! Mtunza stoo mzima niamini kwamba kiwanda kinatengeneza mlango halafu chenyewe kinautoboa?

Saa kumi Ipyana kaja kunywa chai na dada yake na kurudisha kitenge. Kaosha Noah, inang'aa tena. Kanisalimia kwa amani, akasema yaliyopita yamepita, na kwamba nilivyombeba Rozi hata yeye alilia. Nimeona aibu. Nikatoka nje kupunga hewa, nikapita karibu na Noah, nikainama. Hivi hivi tu.

Vitundu! Kwa mstari! Na inatengenezwa kwa nani hiyo Noah? Kwa Osea!

Yote yamenifungukia. Fundi anatoboa magari ya watu ili wasikose kurudi kwake. Maskini Ipyana! Wiki mbili namtuhumu mtu wa watu, kumbe naye analiwa vilevile, tena gari jipya, na hana habari. Sitamwambia. Ana kiburi, hatakubali. Undugu ni kufaana. Ferista akiwa anammiminia kikombe cha pili nimeyeyusha lile bonge la tano, nikaingia chini kimyakimya, nimeviziba vyote na cha buti juu yake.

Radi inanguruma upande wa Zambia. Ipyana kaniuliza kama mvua itanyesha. Nimemwambia anywe chai yake, gari lake halina neno.