Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 13 Aprili
Mwalimu Silas anatafuta mmoja wetu tuliomaliza kidato cha nne, amsaidie kufundisha hesabu likizo hii hapa Kulesa. Tunaoitaka nafasi ni wawili: mimi na Ifrah. Ijumaa kila mmoja atasimama mbele ya watoto. Kusimama! Mimi hata kuitika jina darasani kulinitoa jasho.

Lakini nina mpango. Nitaandika ubaoni namba tasa kubwa mno, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Wahangaike nayo, mimi ninyamaze. Nimeichagua: 1,000,001. Moja mlangoni, moja uani, katikati sifuri tupu. Nimeigawanya kwa namba tasa zote, toka mbili hadi tisini na saba. Imekataa! Aliyefika tisini na saba amefika.

Nimeiandika kiganjani. Nimekula sima kwa kijiko. Mama kauliza kama naumwa. Anataka kujua kwa nini?

Jumanne, 14 Aprili
Ifrah kanisalimia sokoni Garsen. Akatabasamu. Anajua kitu.

Jumatano, 15 Aprili
Balaa! Nilijificha nyuma ya zizi kufanya mazoezi ya kusema. Nikarudia kwa sauti: "Hii ni tasa. Nimeipima mwenyewe. Msijisumbue." Kumbe upande wa pili Mama anamuuzia Warsame, babake Ifrah, mtamba wetu. Warsame akasema, "Mama Tamar, wallahi, hii ng'ombe binti yako mwenyewe ameikataa!" Akaenda zake.

Mama kanijia na mwiko. Nikajitetea kwamba nilisema "hii", na ng'ombe ni "huyu". Akajibu kwamba tangu azaliwe hajaona ng'ombe aliyeuzwa kwa ngeli.

Halafu, Warsame alikuja kununua, au kusikiliza?

Ijumaa, 17 Aprili
Niliandika namba. Nikasema, "Hii ni tasa." Boru, mtoto wa kiti cha nyuma, akapaza sauti, "Kama ng'ombe ya kwenu!" Kijiji kizima kinajua.

Wakajaribu. Wakashindwa. Nikanyamaza. Raha iliyoje!

Kisha Ifrah akauliza, kwa upole wa kutia shaka, niliishia wapi. Nikasema tisini na saba. Akajaribu namba tasa inayofuata. Hiyo moja tu! Akaandika: 101 × 9,901. Nikazidisha. Nikazidisha tena. Sawasawa.

Mwalimu akaeleza kwamba hapo ilipasa nijaribu namba tasa zote hadi karibu elfu moja, mpaka ile ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaipita namba yangu. Elfu moja! Huyu anamkingia Ifrah kifua.

Nafasi kapewa Ifrah. Akaomba nije niwe naye, nimwandikie ubaoni, maana mwandiko wake ni wa kuku aliyepita matopeni. Nikasema nitafikiri. Mbona ananitaka karibu?

Jumamosi, 18 Aprili
Nimeelewa: anataka kuiba namba yangu mpya. 1,000,003! Safari hii nimegawanya hadi mia moja na moja. Funzo nimelipata.

Mama amembembeleza Warsame, amerudi kumtazama mtamba. Nawasikia mbele ya zizi. Mimi niko nyuma, kwenye mazoezi. Ila sasa si mjinga. Yule jasusi asijue kwamba ni namba, nimebadilisha neno moja. Sisemi tena "hii".

Nasema kwa sauti, wazi kabisa: "Huyu ni tasa."